Gawa Vyote, Bakiza Jina

Sogeeni, wajukuu zangu, na mliosimama mlangoni ingieni ndani. Hadithi ya leo haina fisi wala sungura. Ina watoto watatu waliozaliwa mwaka mmoja, 2004, katika nyumba tatu zisizojuana. Wa kwanza alikuwa na baba tajiri, tena baba aliyewahi kupaa hadi anga za juu akarudi salama. Wa pili alizaliwa Dar es Salaam, akaitwa Jambo. Wa tatu alianzia Eldoret, Kenya, na tangu siku ya kwanza akapangiwa kazi hospitalini. Wote watatu walikuwa programu za kompyuta. Wote walizaliwa ili wagawiwe bure kwa yeyote atakayewataka. Na wote, kama mtoto yeyote, walihitaji kula.

Kwenye kula ndiko tunakokwenda.

Sikuchagua kuwasimulia hapa Chimwaga, Dodoma, kwa bahati. Kabla hamjazaliwa, jina hili lilikuwa la ukumbi, ukumbi wa CCM. Mwaka 1995 wajumbe kutoka nchi nzima walijaa humo, wagombea wakasimama kujinadi, na Benjamin Mkapa akatoka ameteuliwa kugombea urais. Mwaka 2007 jengo hilo likawa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Leo ndaki zake zimetapakaa vilimani, na mojawapo, ile ambayo wanafunzi huiita CIVE, kazi yake ni kompyuta. Vijana wake mnawaona wakishuka jioni kwenda kwenye vyumba vya kupanga Ng'ong'ona, mabegi mgongoni. Kuandika programu wanafundishwa. Mimi nataka kuwasimulia upande wa pili, ule ambao ukumbi wa zamani uliujua vizuri: kunadi.

Tuanze na swali linalowatatiza hata wakubwa. Mtu akigawa kitu bure, anapataje fedha?

Wazee wa Kigogo wasingetatizika. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Alimpa rafiki wa kijiji cha mbali watano, shemeji wanne, na jirani aliyepungukiwa wawili. Aliyepokea alikamua maziwa, akanywa na wanawe, na samadi akaimwaga shambani kwake. Hakulipa kitu. Lakini ndama waliozaliwa walibaki kuwa wa kundi lile lile, na ukame ukiipiga Bahi huku Mpwapwa kumenyesha, mwenye mali hakubaki mikono mitupu. Zaidi ya hayo alikuwa na watu. Kila alikopita alikuwa na pa kulala na wa kumsemea. Aligawa maziwa, akavuna usalama na jina.

Programu huria ina maziwa yake na ndama wake. Maziwa ni matumizi: chukua, tumia, usilipe. Tena unapewa na msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, mstari kwa mstari, kama yalivyotoka mkononi mwa aliyeyaandika. Kampuni nyingi huuficha msimbo na kukupa tu kile kilichokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, ambacho binadamu hakisomi. Ndama ni sharti. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake iitwayo GPL, na sharti la ndama limo humo: ukiibadili programu hii kisha ukaigawa, uliyoizalisha nayo lazima iwe huria kama mama yake. Zipo leseni nyingine pole zaidi, ambazo hazidai ndama. Ukitaka kumfungia zizini kwako, fungia. Ikumbukeni tofauti hiyo, tutaikuta tena tukifika kwenye simu zenu.

Hapo mfano wangu unakatika, maana ng'ombe mmoja hakamuliwi Kondoa na Kongwa asubuhi moja, na programu inaweza. Nakala ya milioni haimpunguzii kitu mwenye nakala ya kwanza.

Na Stallman alikula nini? Aliuza tepu. Programu yake ya Emacs ilikuwa ruhusa kuinakili, lakini miaka ile wengi hawakuwa na mtandao wa kuifuata. Walituma dola 150, wakaletewa tepu kwa posta. Angalieni vizuri alichouza. Hakuuza programu, kwa sababu programu ilikuwa ya wote. Aliuza kuondolewa usumbufu. Biashara karibu zote nitakazowatajia leo ni vitukuu vya tepu ile.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, akaongeza Linux, kiungo kilichokuwa kinakosekana katika mfumo wa Stallman. Mafundi walifurahi. Wafanyabiashara hawakufurahi, kwa kuwa kila walipoambiwa kitu hiki ni cha bure walinusa mambo mawili: ama hakina thamani, ama wanaokileta ni wanaharakati wasiopenda faida. Basi Februari 1998 watu wachache walikutana Palo Alto, California. Wiki chache kabla, kampuni ya Netscape ilikuwa imetangaza kwamba itaufungua msimbo wa kivinjari chake, nao wakaona mlango umefunguka. Christine Peterson akapendekeza jina jipya, lisilotaja bure wala uhuru, linalosema tu kwamba chanzo kiko wazi. Mwezi huohuo wakaunda taasisi ya kulilinda, na magazeti yakalidaka. Msimbo haukubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni, na wateja wakaingia.

Stallman alinuna, na hajaacha kununa mpaka leo. Anasema waliuza uhuru ili wapate wateja. Nadhani ana haki ya kununa, kwa sababu wengi walioingia kwa mlango ule mpya hawakuwahi kuuliza nyumba ilijengwa kwa nini. Lakini bila mlango huo sidhani kama hadithi hii ingefika Dodoma.

Mojawapo ya zilizonufaika na mlango huo ni kampuni ya Red Hat. Ilichukua Linux, ikaipanga, ikaijaribu, kisha ikaenda kwa mabenki na mashirika ikisema: programu hatuwatozi, tuwatoze ahadi. Ahadi kwamba kosa la usalama likigunduliwa tutalirekebisha, kwamba toleo hili tutalitunza kwa miaka kadhaa, na kwamba mkipiga simu usiku mtu atapokea. Mwaka 2012 mapato yake ya mwaka yalipita dola bilioni moja. Mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Bilioni 34, wajukuu, kwa kampuni ambayo msimbo wa bidhaa yake ulikuwa unapakuliwa na mtu yeyote mwenye bando!

Sasa nawaleta watoto wangu.

Kifungua mimba ni Ubuntu, na baba yake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kijana huyu alianzisha kampuni ya kuthibitisha usalama wa tovuti, akaiuza mwaka 1999 kwa dola milioni 575, na mwaka 2002 akalipa nauli ya chombo cha Warusi akaenda kuzunguka dunia kutoka juu. Aliporudi akasema anataka Linux ambayo hata asiye fundi ataiweza. Akaunda kampuni, Canonical, na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004.

Linux zilikuwepo nyingi, nyingine zikiwa imara kuliko hiyo yake. Alichowazidi wenzake ni kunadi. Kwanza alichagua jina la Kibantu, linalotamkika Johannesburg, Kampala na hapa Dodoma bila ulimi kujikwaa. Pili alilitangaza kosa la kwanza katika daftari la makosa la Ubuntu kuwa ni Microsoft kushika sehemu kubwa mno ya soko. Kosa namba moja, juu kabisa ya orodha, watu wakacheka na kusimuliana. Alikuja kulifunga mwaka 2013, simu zilipokuwa zimekwisha kuibadilisha hesabu yote. Tatu, na hili ndilo lililonifanya nimvulie kofia, aligawa sidii.

Nyinyi sidii hamzijui sana. Ni kisahani kinachong'aa, kinachobeba kiasi cha megabaiti 700. Mwaka 2004 Afrika Mashariki haikuwa na nyaya za baharini za kutuletea intaneti. Waya wa Seacom ulifika mwaka 2009. Chuo kizima kiligawana mawimbi ya setilaiti, na kupakua faili la megabaiti 700 ilikuwa ndoto ya kukesha ambayo umeme ungeikata kabla ya alfajiri. Ubuntu ikasema: jaza anwani yako ya sanduku la posta, tutakutumia sidii, na stempu tutalipa sisi. Zilifika ndani ya bahasha nzuri, zenye picha, si sidii ya kuandikwa kwa kalamu. Aliyepokea aliweka moja akawapa rafiki zake nyingine. Ukamwona mwanafunzi asiyelipwa hata senti akizunguka bwenini kuifanyia Canonical kazi ya masoko, tena kwa furaha.

Utaratibu huo ulikoma mwaka 2011, nyaya zilipokuwa zimefika na sidii zimeanza kuzeeka. Kwa miaka mingi kampuni iliishi kwa fedha za Shuttleworth mwenyewe. Lakini waliokuwa wanafunzi wakawa wahandisi wa mabenki na kampuni za simu, na walipoulizwa seva mpya ziwekwe mfumo gani, walitaja ule walioujua wakiwa bwenini. Mabenki hayataki sidii. Yanataka ahadi, kama zile za Red Hat, na ahadi Canonical inaziuza.

Mtoto wa pili anaitwa Jambo OpenOffice. Huyu ni wetu, na kwa hiyo nitamsema bila huruma.

Miezi miwili tu baada ya Ubuntu, Desemba 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa programu za ofisi, za kuandikia barua na kupiga hesabu, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuanza na ukurasa mtupu. Walichukua OpenOffice.org, ambayo ilikuwa huria, na kwa kuwa ilikuwa huria hawakuhitaji kibali cha mtu. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huohuo kwamba inaandaa Kiswahili chake, lakini ruhusa ilikuwa mikononi mwake yenyewe. Ingefanya ikitaka, kwa wakati wake. Jambo ikatangulia. Wanafunzi na wanaisimu walikaa wakabishana faili iitwe nini, na wakamaliza kazi.

Leo ingia steshenari yoyote mjini Dodoma uulize Jambo OpenOffice. Watakuuliza kama ni aina ya karatasi.

Nini kilitokea? Kazi ilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu ambaye asingekula jioni ile kama Jambo isingeuzika. Mradi ulikuwa na watafsiri, haukuwa na mchuuzi. Hapakuwa na wa kwenda shule ya sekondari Kongwa, akae na mwalimu mkuu, amwonyeshe, amwachie namba ya simu, arudi baada ya mwezi kuuliza kama inafanya kazi. Na mwenye steshenari alikuwa na hofu yake ya haki kabisa: mteja analeta barua iliyoandikwa kwa Word, ikifunguliwa kwa programu nyingine jedwali linahama, mteja anakataa kulipa.

Tena kulikuwa na mshindani ambaye waandishi wa vitabu vya biashara hawamtaji. Kule Ulaya programu huria ilishindana na programu ya kununuliwa, kwa hiyo neno bure lilikuwa silaha. Hapa kwetu fundi alikuwa anakupigia Windows ya kukraki kwa elfu chache, na Office juu yake kama nyongeza. Mbele ya mteja wa Kitanzania programu huria na programu ya wizi zilikuwa na bei moja. Ukimwambia yangu ni ya bure, anakujibu na hii pia. Ilibidi umwambie kitu kingine: kwamba yangu haitakuletea virusi vya huyo aliyeikraki, kwamba inasema Kiswahili, kwamba inakwenda hata kwenye kompyuta yako kuukuu. Sijui mabango yoyote yaliyosema hivyo. Kama mnataka kujifunza masoko, hilo ndilo somo la kwanza la Dodoma: jueni mteja anawalinganisha na nini, siyo nyinyi mnajilinganisha na nini.

Jambo haikuzikwa, hata hivyo. Kitu huria hakifi kwa urahisi, maana hakuna mwenye funguo za kukifungia. OpenOffice.org ilipogawanyika mwaka 2010 likachipuka tawi jipya, LibreOffice. Ukiiweka leo unaweza kuiwekea kikagua tahajia cha Kiswahili, ambacho mizizi yake ni kazi ya mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Kazi za watu waliochoka zamani bado zinawasahihishia nyinyi maneno, na pengine hamjui.

Wa tatu ni OpenMRS, na huyu hadithi yake ni fupi lakini nzito. Eldoret kulikuwa na mpango wa kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI, AMPATH, ulioziunganisha hospitali ya Moi na vyuo vya Marekani. Wagonjwa walikuwa wanaongezeka kwa maelfu, na programu ndogo ya kutunza kumbukumbu zao ilikuwa imeelemewa. Mwaka 2004 madaktari wa Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, waliiona hali hiyo wakaamua kujenga nyingine upya, na kuifanya huria ili hospitali ya nchi nyingine isianze tena sifuri. Februari 2006 ilianza kazi Eldoret. Leo Kenya na Uganda zina mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa iliyojengwa juu ya msingi huo.

Anayemtumia huyu mtoto hamlipii, na anayemlipia hamtumii. Mgonjwa hanunui OpenMRS, muuguzi hainunui. Anayelipa ni mfadhili, aliye mbali. Kwa hiyo kunadi kwake hakukuwa kwa mabango wala sidii. Kulikuwa kwa ripoti, kwa mikutano, kwa takwimu zinazoonyesha wagonjwa wangapi wamefuatiliwa.

Hata hapa Dodoma mnaishi ndani ya mfano kama huo bila kuuona. Nenda zahanati yoyote ya Chamwino, utamkuta muuguzi na vitabu vikubwa vya takwimu za afya, vya MTUHA, anajaza mistari: mtoto kapimwa uzito, mama kahudhuria kliniki, malaria moja, kuhara mbili. Mwisho wa mwezi anajumlisha, na hesabu zinakwenda wilayani kuingizwa kwenye DHIS2. Hiyo nayo ni programu huria. Asili yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ikalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na hapa nchini ikashikwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Wizara ya Afya, hadi mwisho wa mwaka 2013 ikawa imefika mikoa yote. Kuipakua ni bure. Lakini kuitengenezea fomu zinazofanana na vitabu vya MTUHA, kufundisha watu wa kila wilaya, kuilinda seva isianguke siku ya kufunga mwezi, hiyo ni mishahara. Na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, mishahara mingi ilikwenda kwa Watanzania, ambao baadaye waliitwa hata nchi nyingine kusaidia. Jambo ilikosa hilo hasa: kundi la watu wa hapahapa ambao ugali wao ulitoka humo.

Ubaya wa mlipaji aliye mbali mliusikia Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje na miradi mingi ya mifumo ya afya katika ukanda huu ikatikisika. Msimbo ulibaki palepale, hakuna aliyeweza kuuchukua. Waliotikisika ni watu wa kuutunza.

Wengine wamepata njia isiyotegemea mfadhili. Masomo ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Dodoma yameendeshwa kwa Moodle, programu iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Perth, Australia, ikatoka mwaka 2002. Moodle haikutozi. Lakini ina kampuni washirika katika nchi mbalimbali, ambazo huuza kuisimika na kuitunza, na kila moja huipa makao makuu sehemu ya mapato yake. Inalipia nini, ikiwa msimbo ni wa wote? Inalipia haki ya kujiita mshirika wa Moodle. Inalipia jina.

Na mama akikutumia fedha kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine, zinapita kwenye TIPS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania uliojengwa kwa kutumia Mojaloop, programu huria iliyotolewa mwaka 2017 kwa fedha za taasisi ya Bill Gates. Ndiyo, yule yule ambaye kampuni yake ilikuwa kosa namba moja la Ubuntu. Dunia ndogo hii.

Nimewaahidi simu. Simu zenu nyingi ni Android. Kiini chake ni Linux, chenye sharti la ndama, lakini sehemu kubwa iliyobaki ina leseni pole. Mtengenezaji yeyote anaweza kuichukua bila kuilipa Google. Akitaka duka la programu, ramani na jina la Google juu yake, hapo anasaini mkataba. Google yenyewe inakula kwenye matangazo na kwenye duka. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliitoza faini ya euro bilioni 4.34 kwa kuitumia mikataba hiyo kuwabana wengine. Kwa hiyo mkisikia kitu ni huria, msiishie kwenye msimbo. Ulizeni mkataba uko wapi.

Wapo pia waliogawa kisha wakajuta. MongoDB mwaka 2018, Elastic mwaka 2021, Redis mwaka 2024: kampuni hizi ziliona matajiri wenye seva kubwa, kama Amazon, wakizichukua programu zao, wakizikodisha kwa wateja na kuvuna zaidi ya waliozitunga. Zikabadili leseni. Amazon ikachukua nakala ya mwisho iliyokuwa huria ya Elastic, ikaipa jina OpenSearch, ikaendelea na safari. Elastic na Redis baadaye zikarudi kwenye leseni huria. Siwacheki, walidhulumika kwa kiasi fulani. Ila walisahau kwamba waliponadi miaka ya mwanzo, uhuria wenyewe ndio uliokuwa tangazo lao, na huwezi kulibandua tangazo ukutani ukategemea wateja wasione.

Mwenye akili zaidi katika habari ya jina ni Michael Widenius wa Finland. Ana binti aitwaye My, na programu yake ya kuhifadhi taarifa akaiita MySQL. Kampuni ikauzwa kwa Sun mwaka 2008 kwa dola bilioni moja, kisha Oracle ikaimeza Sun. Jina la MySQL likaenda na mnunuzi. Msimbo, kwa kuwa ulikuwa na leseni ya GPL, ulibaki kuwa wa wote pamoja na yeye mwenyewe. Akauchukua, akaendelea kuuandika, akauita MariaDB. Maria ni binti yake mdogo.

Majina hulindwa kweli. Watu wa Debian, wagawaji wa Linux, walikirekebisha kidogo kivinjari cha Firefox, wakaambiwa na wenye jina kwamba kikiwa kimerekebishwa kisiitwe Firefox. Kuanzia mwaka 2006 wakakiita chao Iceweasel, na miaka kumi ikapita kabla hawajapatana.

Sasa najua mtaniuliza: je, mtu anaweza kuweka Ubuntu kwenye flashi akaiuza Soko la Majengo? Anaweza. Bei apange mwenyewe, na hakuna atakayemshtaki kwa kuuza kitu ambacho yeye amekipata bure. Akiifungua ndani akabadilisha, akaweka maneno ya Kigogo na picha ya mbuyu, aondoe jina la Ubuntu au aombe ruhusa kwa Canonical, kisha abuni jina lake. Na zile sehemu zenye GPL, azibadili asizibadili, mnunuzi apewe msimbo wake. Na nyuma ya pakiti aandike namba ya simu inayopatikana, kwa sababu siku kompyuta ikigoma mnunuzi atapiga, na kwa kazi ya siku hiyo anaruhusiwa kumtoza.